Makusudi Hakuanguka

Zuhura mwanangu,

Salamu utazipata kwa mamako, yeye ndiye mwenye ghala la salamu. Maagizo pia nimemwachia: sweta, sala, usile usichokijua, usipande gari la usiyemjua. Tangu adhuhuri namsikia huko juu anakusuka na kukuusia, na kila ukisema "Mama, basi!" anazivuta nywele. Kwa hivyo hayo yamekwisha. Miye nimekaa jikoni na kalamu yako, nakuandikia barua utakayoikuta ndani ya kiatu cha kushoto. Ndani ya cha kulia mamako ameficha kichupa cha pilipili, nimemwona.

Isome pole pole. Kiswahili wewe wakisikia lakini ukijibu wajibu Kizungu, kama mtu aliyepokea wali kwa mkono akarudisha sahani kwa mguu. Na mwandiko usiucheke. Skuli sikwenda. Kusoma nilijifundisha kwa mabango ya sinema, ndiyo maana herufi zangu zote kubwa kubwa, kama zatangaza vita.

Kesho ni basi toka kituo cha Digbeth hapa Birmingham, halafu ndege, halafu Marekani, ukaigize picha ya sinema. Sina raha nayo. Nimeshasema mezani, lakini mezani mna mamako, na akiniangalia vile aniangaliavyo maneno hunikimbia. Karatasi haina macho.

Nataka kukwambia habari ya Makusudi. Wajua nusu yake, nusu ile ya siku uliyojifunika koti usoni. Leo chukua nzima.

Kabla hujazaliwa babako alikuwa mtu mkubwa. Usicheke! Toka Malindi mpaka Taveta hapakuwa na sauti kama yangu. Bwana Jiwa, huyu huyu Jiwa wa Stratford Road unayempenda kwa sababu ya kashata zake, alikuwa na lori pale Mombasa, na ndani ya lori mashine ya sinema. Akifika mahali afunga shuka jeupe baina ya miti miwili, watu wakae chini. Shida yake ilikuwa moja: picha zote za Kimarekani, na watu wote hawajui Kizungu. Akawa ataka mtu wa kushika kipaza sauti aieleze picha kwa Kiswahili.

"Wajua Kizungu?" akaniuliza.

"Nakijua kuliko wenyewe," nikamjibu.

Sikujua hata neno. Lakini spika ilikuwa moja tu, na nikiishika miye, sauti ya picha inazimwa. Nani wa kunikamata? Wale weupe walifungua midomo, miye nikaijaza. Mtu akikunja uso namwambia maneno ya kukunja uso. Mwanamke akilia namtafutia msiba. Nilikuwa nafanya sauti saba peke yangu, na farasi. Jiwa mwenyewe alikuwa akisahau kubadilisha mikanda kwa kunisikiliza.

Za kauboi ndizo zilizopendwa. Stelingi, yule shujaa wa picha, kofia pana, bastola mbili, hafi. Wale wenye manyoya kichwani niliwaita washenzi, na kila mmoja wao akianguka toka juu ya farasi, umati wote huinuka kwa vifijo. Sasa hebu fikiri, mwanangu. Watu wamekaa chini, kwenye ardhi ambayo mzungu ameshaizungushia waya, wanamshangilia mtu wa bunduki aliyekuja juzi, wanamzomea mwenye nchi. Na mwenye kuwachochea nani? Babako, na kipaza sauti. Hakuna aliyetulazimisha. Ndiyo hapo ujanja wao ulipo: hawakulazimishi, wanakupa stelingi.

Miye mwenyewe nilinunua kofia ile. Nikawa nakwenda miguu imeachana kama nimebeba pipa mapajani. Nikapita mbele ya nyumba ya kina mamako, kofia imelala jicho moja, nikijua nimeua. Mamako yuko dirishani. Akaniita, "Kaka!" Nikageuka pole pole, vile stelingi anavyogeuka. "Ng'ombe wako wamepotelea wapi, tukusaidie kutafuta?" Kofia sikuivaa tena. Mke nikampata, lakini kwa kichwa wazi.

Basi, siku moja Jiwa akaleta picha ya Afrika. Yetu! Watu walikuja toka mbali. Ndani yake kuna mzungu mwenye kofia, bibi kijana wa nywele nyeupe, wanakwenda kutafuta dhahabu milimani. Na mbele yao yuko mtu mmoja mweusi, mrefu, mzigo kichwani, ndiye aonyeshaye njia. Katika picha nzima ndiye peke yake mwenye sura ya mtu unayeweza kumkuta sokoni. Umati wote ukawa unamwangalia yeye. Nikaona hapa nikimwacha hana la kusema, watanipiga mawe.

Nikampa jina. Makusudi.

Kwa sababu kila alilofanya nilisema amefanya makusudi. Ameangusha sanduku? Makusudi, lina baruti. Amepotea njia? Makusudi, dhahabu ni ya babu yake na anawazungusha mpaka viatu viwaishe. Wakimfokea, mdomo wake ukitikisika kidogo tu, nampa hotuba ndefu, mpaka kina mama wanapiga vigelegele. Mwisho kuna daraja la kamba, kamba inakatika, yeye anakwenda bondeni. Watu wakashika vichwa. Nikapiga kelele kwenye kipaza sauti: "Hakuanguka! Makusudi hakuanguka! Pale chini kuna pango, ameingia, anawachungulia!" Na wale wazungu walipokuwa wakibusiana mwishoni, nikamtia Makusudi akicheka toka pangoni, kicheko kirefu, mpaka taa za lori zikawaka.

Pale Voi mzee mmoja akanishika mkono. "Huyu Makusudi, ana mke?"

"Anao."

"Wa wapi?"

"Wa hapa hapa Voi."

Tangu siku hiyo Voi hawakutaka picha nyingine. Mwanamke mmoja akajitokeza kudai kwamba Makusudi ni wa ukoo wao, na wanamdai, maana ameondoka bila kuaga.

Baadaye nikapanda meli, nikachochea makaa ya watu, nikashuka Uingereza, nikaingia kiwanda cha chuma, nikawaleta nyinyi. Na nikaja na Makusudi kichwani. Hapa ndipo kosa langu, na ni kosa la mtu wa kazi yangu tu, mwingine hawezi kulifanya: nilikuwa nimemsema Makusudi miaka mingi mpaka nikasahau kwamba aliyesema ni miye. Wallahi. Nilijua kuna picha ya Kimarekani ambayo mtu mweusi ndiye mwerevu wao wote. Nilijua kama ninavyojua jina lako.

Desmond wa kiwandani, yule Mjamaika unayemwita anko, alikuwa akinibishia kila tukinywa chai. "Wamarekani hao? Mtu mweusi kwao anabeba sinia, akiona jizimwi anatoa macho."

"Wewe hujaona picha," nikamwambia. "Miye nimezizungumza."

Basi kina Jiwa nao wakafika Birmingham, na wengine wengi wa Nairobi, na makoti membamba yale yasiyozuia hata upepo wa feni. Jiwa hakukaa bure. Akakodi ukumbi wa sinema wa mtaani siku za Jumapili, akawa anaonyesha picha za Kihindi. Jumapili moja mikanda ikakwama London, akatafuta ya haraka haraka, akaja mbio mpaka mlangoni kwetu: "Wajua nimepata nini? Makusudi!"

Nilimwita Desmond. Nikakuvisha koti jekundu. Ulikuwa mdogo, miguu haifiki chini ya kiti. Nikakwambia, leo utamwona mtu wetu.

Taa zikazimwa, na sauti, mwanangu, ikawashwa.

Mzungu akasema sana. Bibi akasema sana. Nikangoja. Makusudi akaja na mzigo wake, nikamgusa Desmond: sikiza sasa. Akafungua mdomo akasema, "Ndiyo, bwana." Basi. Nikamwambia Desmond, ngoja, anawazuga. Akarudi tena: "Ndiyo, bwana." Simba akanguruma, Makusudi akatoa macho. Sanduku likaanguka kwa sababu alikuwa anatetemeka. Njia ikapotea kwa sababu hakuijua. Mara ile mdomo ulipotikisika, pale nilipompa hotuba, alikuwa analia. Na daraja lilipokatika akapiga ukelele kama mtoto, akaenda. Stelingi akachungulia bondeni, akasema, "Unga wote umekwenda."

Unga! Miaka yote ile sikujua kwamba mzigo ulikuwa unga, na kwamba ndio uliosikitikiwa.

Desmond akanigeukia. "Huyu ndiye jemadari wako? Huyu anayelia?"

Na wewe ukanivuta mkono: "Dadi, mbona hakusema kitu?"

Nikainuka. Sikupanga, miguu iliinuka yenyewe. Nikaita kwa ile sauti ya Taveta, bila kipaza sauti: "Hakuanguka! Jamani, Makusudi hakuanguka! Kuna pango pale chini!"

Nusu ya sinema walikuwa watu wa Jiwa, Kiswahili wanacho mpaka kwenye dengu zao. Bibi mmoja mzee, sari na koti la mumewe juu yake, akajibu toka nyuma: "Kweli! Mimi nimemwona ameshika mzizi!" Ukumbi ukapasuka. Nikaendelea, nikamjibia kila neno stelingi, nikamkatiza bibi wa nywele nyeupe. Akaja kijana na tochi.

"Tafadhali kaa chini."

"Siwezi kukaa," nikamwambia, "nina mtu pangoni."

Wakanitoa kwa kwapa. Nilipogeuka nikaona koti jekundu limesimama bila kichwa. Tukarudi Stratford Road kwa miguu, mvua, na mkono hukunipa.

Nilidhani uliniona haya. Nikaacha kukupeleka sinema. Kumbe ulipokuja kutwambia kwamba waacha unesi pale hospitali ya Edgbaston, na mamako analia ndani ya sinia la mchele, ndipo uliposema, kwa hicho Kizungu chako cha Birmingham: tangu siku ile nilitaka niwe mimi niliye pale juu, na niseme. Nikatoka nje nikajifanya natafuta paka. Hatuna paka.

Kwa hivyo siwezi kukuzuia, nimeuwasha moto mwenyewe. Lakini shaka siwezi kuiacha, shaka ndiyo skuli pekee niliyosoma.

Utaniambia dunia imegeuka. Kweli, naona. Siku hizi mtu mweusi wa picha za Marekani ana nywele kama mwavuli, koti la ngozi mpaka vifundoni, na bastola ndiyo inayosema. Nenda mtaa wa Newtown uwaone vijana, mtoto wa Desmond mmoja wao, wanatembea bega moja chini kana kwamba wamebeba ndoo. Nikimwona namkumbuka mtu na kofia yake mbele ya dirisha. Zamani walitutwika mzigo, leo wametupa bastola. Vizuri, bastola nyepesi. Lakini nauliza, ni nani huyo anayetuchagulia cha kushika? Na kwa nini hatushiki kikombe cha chai tu, tukazungumza?

Yule Mmarekani mwenye picha, aliyekuona London, alisema una uso wa ajabu. Miye mtu akiniambia nina uso wa ajabu namuuliza, wautaka wa nini? Wakumbuka nilivyokuhoji mezani.

"Huyo msichana wako wa msituni katika picha ana jina?"

"Analo, Dadi."

"Anasema?"

"Anasema."

"Anakufa?"

Ukaangalia sahani. "Karibu na mwisho."

"Kabla ya stelingi, yule daktari wa kizungu, au baada?"

"Kabla."

"Nilijua!" Mamako akanipiga teke. Lakini nilijua, mwanangu. Stelingi hafi. Sisi ndio tunaokufa, ili yeye apate kukasirika.

Sasa nakuja penye mwiba. Juzi nilitoka kiwandani mapema, tanuri lilikuwa limeharibika. Nikavua buti mlangoni nisichafue zulia la mamako, nikapanda ngazi kwa soksi. Na chumbani mwako nikajisikia miye mwenyewe naongea.

Nilisimama pale kwenye ngazi. Ilikuwa sauti yako, lakini Kizungu kilikuwa changu, kile ninachomwambia kondakta wa basi: neno la nyuma limekuja mbele, neno la katikati limepotea, na kile kikohozi changu kidogo kabla ya neno kubwa. Hata kikohozi ulikichukua! Kwanza nilicheka, nikaziba mdomo, maana ulikuwa hodari, Mungu shahidi, mwizi wa sauti kama babako. Halafu kicheko kikaniishia. Nikafahamu. Watu wa picha wamekwambia Kizungu chako kimenyooka mno, kivunje, msichana wa msituni hasemi hivyo. Na wewe ukatafuta kilichovunjika, ukakiona kiko nyumbani, chala chakula cha jioni na nyinyi.

Sikugonga. Nilishuka, nikavaa buti upya, nikaingia tena kwa kishindo ili ujue nimefika. Ukateremka na uso wa mtoto aliyekula sukari. Nikakuuliza chai iko wapi.

Usishtuke, sikulaumu. Wewe usiponiiba miye utamwiba nani? Lakini Zuhura, ukiichukua sauti yangu ichukue nzima. Usiwapelekee kuvunjika kwake tu.

Kwa Kizungu hicho hicho nilimwambia msimamizi wa kiwanda kwamba mnyororo wake wa kuinulia chuma umeoza na hapana mtu wangu atakayesimama chini yake, na hakusimama mtu. Na walipokuweka nyuma ya darasa na watoto wazito, kwa sababu ulikuwa umekuja juzi na hujafunua mdomo, nani aliyekwenda? Miye, na buti zangu za kiwandani. Yule mwalimu akasema na kusema, maneno ya hariri. Alipomaliza nikakohoa, nikamwambia, "Binti wangu mzito hapana. Mzito wewe." Hukumbuki? Ulikuwa umeshika mfuko wa suruali yangu. Wiki ile ile ukakaa mbele. Kizungu kile kina mapengo, lakini meno yaliyobaki yanauma.

Kwa hivyo wakikwambia lia, lia, ni kazi. Wakikwambia piga magoti, tazama kwanza magoti yana nini chini. Lakini usimwache huyo msichana peke yake kama Makusudi alivyoachwa. Mpe nyumbani kwao. Mpe mama mwenye maneno mengi. Mpe mtu aliyemuuliza, utarudi lini? Wao usiwaambie, watakukatia. Uwe nao ndani mwenyewe, na taa zao zikikupiga usoni, wewe ujue analolijua. Miye nilimsemea mtu kwa nje, na siku sauti yangu ilipozimwa hakubaki na kitu. Wewe uko ndani ya shuka lenyewe. Hapo ndipo nilipokuwa sifiki.

Na wakikuvunja moyo, rudi. Edgbaston kuna wagonjwa bado, na Jiwa anatafuta mtu wa kukata tiketi asiyekula kashata.

Mamako amemaliza kusuka, nasikia kiti. Naharakisha.

Siku picha yako itakapofika, Jiwa ameshaapa ataileta. Ntakaa kiti cha mbele, Desmond kushoto, mamako kulia wa kunifinya. Kijana wa tochi sasa ni mwingine, hanijui. Ikiwa watakuua kabla ya mzungu na hujasema lako, ntasimama, wallahi ntasimama. Ntakupa pango, ntakupa mume wa Voi, ntakupa maneno mpaka wanitoe kwa kwapa, na safari hii natumai mkono utanipa.

Lakini ukisema lako, hata neno moja, hata kwa kile Kizungu changu, na kikohozi chake, basi ntakaa kimya mpaka taa ziwake. Muulize mamako kama nimewahi kumfanyia mtu yeyote hivyo.

Miye babako,
sauti ya Malindi mpaka Taveta